Siku kumi na mbili za kumlinda mlinzi

Bajaji ilisimama mbele ya geti letu, Sahare, saa kumi na moja jioni, na dereva akageuka kunitazama kabla hajazima injini. Shaba alikuwa amelala mapajani mwangu, kilo 16 za mbwa, amefunikwa kanga mbili, ulimi unaning'inia pembeni, macho yako wazi lakini hayaoni kitu. Njia nzima dereva alikuwa akikwepa madimbwi ya mvua za vuli kama aliyebeba mzazi anayetoka hospitali.

"Mama, huyu si amekufa?"

"Hajafa. Ametolewa kizazi. Nusu kaputi haijamtoka."

Akanyamaza kidogo. "Kumbe na wao wanafanyiwa operesheni kama sisi," akasema, kisha akashuka kunifungulia geti.

Ndiyo, kama sisi. Tumbo la Shaba lilikuwa limepasuliwa chini ya kitovu, mji wa mimba na vifuko viwili vya mayai vikatolewa, mishipa mikubwa ya damu ikafungwa kwa nyuzi, na tumbo likashonwa tabaka kwa tabaka. Mwanamke akipasuliwa hivyo hapa Tanga, mama yake hupanda basi kutoka Korogwe na kuku wawili kwenye kikapu. Hupikiwa supu, hukatazwa kuinua ndoo, na watoto hufukuzwa uani wasimpigie kelele. Mbwa akitoka kwenye upasuaji uleule, wengi wetu humrudisha chini ya mwembe alipofungwa jana, mnyororo uleule, bakuli lilelile la ugali, nasi tukaenda zetu kazini. Nasema wengi wetu kwa sababu na mimi nilifanya hivyo, na mbwa niliyemfanyia hivyo nimemzika nyuma ya tangi la maji.

Aliitwa Doti, kwa ajili ya doa jeupe lililokuwa kifuani mwake. Alitolewa kizazi miaka sita iliyopita, na upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Nilipewa vidonge vya maumivu vya siku tatu ndani ya bahasha ndogo ya kaki. Siku ya pili bahasha sikuiona. Nadhani ilizolewa na taka. Jioni nikamkuta Doti kando ya tangi, mgongo ameupinda, anatetemeka, hawezi kulala wala kusimama sawasawa. Aliponiona akatikisa mkia. Nilimwonea huruma sana. Mimi natumia diklofenaki kwa ajili ya goti langu la kulia, na nilikuwa nazo ndani. Nikachukua kidonge kimoja, nikakifinyia ndani ya tonge la ugali, nikampa. Asubuhi nikampa kingine, jioni kingine. Alipofika siku ya nne akatapika kitu chenye chembe nyeusi kama unga wa kahawa, na kinyesi chake kikawa cheusi, chenye kunata kama lami. Nilipomfikisha kwa daktari fizi zake zilikuwa nyeupe kama chaki. Alikufa usiku wa siku ya tano. Mshono wake ulikuwa mkavu, safi, umeshika vizuri kabisa.

Upasuaji haukumuua. Nilimuua mimi, kwa dawa yangu.

Daktari aliyempokea Doti siku ile hakunigombeza. Alinieleza taratibu, na maelezo yake nayarudia hapa jinsi nilivyoyaelewa kwa sababu najua katika nyumba nyingi kuna pakiti ya vidonge juu ya kabati. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Lakini kemikali za aina hiyohiyo ndizo zinazolinda utando wa tumbo usichubuliwe na asidi, na ndizo zinazosaidia damu ifike kwenye figo. Mbwa huathirika haraka zaidi kuliko binadamu. Kiasi ambacho mimi nakimeza na chai, kwake kinatoboa tumbo na kuziangusha figo. Parasetamoli nayo si ya kumpa kwa kukisia, kwa sababu ikizidi huharibu ini na damu. Na kwa paka ni sumu hasa, kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua. Mbwa ana dawa zake za maumivu, kama meloksikamu, ambayo daktari wa mifugo huipima kwa kilo za mnyama na kwa siku. Hutolewa baada ya chakula, na haichanganywi na nyingine ya jamii yake hata kama mbwa bado analia. Dawa ikipotea, anapigiwa simu daktari. Simu ile mimi sikuipiga.

Kwa hiyo safari hii, nilipompeleka Shaba, nilikwenda na daftari.

Daktari wake ni binti mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho. "Shikamoo mama," akanisalimu, na kabla hajamgusa mbwa akaniuliza maswali matatu: usiku atalala wapi, mchana nani atashinda naye, na nina kitu gani cha kumzuia asijilambe. Nikamwambia nina mnyororo na mwembe. Akacheka kwa upole, akaniambia nirudi baada ya wiki moja nikiwa na majibu. Na akataka kujua Shaba alitoka lini kwenye joto, kwa sababu mbwa jike akiwa kwenye joto mishipa ya kizazi hujaa damu na upasuaji unakuwa na hatari zaidi. Ni heri kusubiri miezi miwili au mitatu ipite.

Tulipokutana tena alinichorea mshono kwenye ukurasa wa daftari langu. Aliniambia niufikirie kama koti lenye bitana. Juu kuna ngozi, katikati kuna mafuta, na ndani kabisa kuna ukuta wa tumbo, ule unaobeba uzito wa matumbo yote. Mimi nitauona mshono wa juu tu. Siku ya sita au ya saba ngozi huwa imekauka na kupendeza, mtu akadhani kazi imekwisha, kumbe bitana bado ni changa. Mbwa akiruka ukuta siku hiyo, kinachoachia si kile unachokiona. Ndiyo sababu wanasema siku kumi hadi kumi na nne, hata kama mbwa anaonekana mzima siku ya tatu.

Usiku wa kwanza nilijifunza kwamba mbwa anaweza kusikia baridi Tanga. Dawa za usingizi huuvuruga mwili usiweze kujipasha joto, na tumbo lake lilikuwa limenyolewa hadi ngozi. Siku za kawaida Shaba hupenda kulala juu ya saruji tupu. Usiku ule nilimtandikia gunia, juu yake mkeka mkuukuu, juu yake blanketi, ndani ya stoo tunamoweka mkaa na majembe, baada ya kuyatoa yote. Chupa ya maji ya uvuguvugu niliizungushia taulo nikaiweka karibu na mgongo wake. Karibu, si juu yake, maana mbwa aliyelewa dawa hawezi kujisogeza kitu kikimuunguza.

Saa mbili akaanza kulia. Sauti nyembamba, ndefu, ya kupanda na kushuka, huku anatazama ukuta. Mjukuu wangu wa miaka kumi na mitano alisimama mlangoni machozi yanamlengalenga. "Bibi, anaumwa. Mpe kitu." Nilikuwa nimeambiwa kuhusu kilio hicho: ketamini inapomtoka mbwa humwacha amechanganyikiwa, hajui yuko wapi, na hulia hata kama maumivu yamedhibitiwa. Sindano ya maumivu alikuwa ameshachomwa. Tukazima taa, nikamwekea mkono begani, nikawa namwita jina lake polepole. Mjukuu akakaa upande wa pili. Ilipofika saa nne akashusha pumzi ndefu, akalala usingizi wa kweli, na kwato za mbuzi wa jirani zikasikika nje zikikanyaga matope.

Kila baada ya saa moja niliangalia fizi. Unainua mdomo, unabonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, unaachia. Rangi ya waridi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au fizi zikiwa zimepauka, huenda anavuja damu ndani na hakuna kusubiri asubuhi. Shaba, kama mbwa wetu wengi, ana fizi nyeusi upande mmoja, basi nilikuwa namvuta kope la chini na kuangalia wekundu wa ndani. Hakuna kifaa kinachohitajika hapo. Kinahitajika mtu aliye macho.

Maji nilimpa alipoweza kuinua kichwa mwenyewe, mafunda machache. Chakula kilikuwa wali laini na samaki wa kuchemsha niliyemchambua miba, nusu ya kiasi cha kila siku, bila chumvi wala pilipili na bila kitunguu. Kitunguu nakitaja kwa makusudi. Mbwa wetu wanakula makombo ya mchuzi, na kitunguu, hata kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Mbwa aliyetoka kupasuliwa anazihitaji zote. Shaba alikula matonge mawili, akatapika mara moja, akalala. Kutapika mara moja usiku wa kwanza kunavumilika. Kutapika kunakorudiarudia kunataka daktari. Asubuhi akamaliza bakuli. Haja ndogo alikwenda alfajiri akiongozwa kwa kamba, haja kubwa hakwenda hadi siku ya tatu, jambo ambalo lingenitia hofu kama nisingekuwa nimeambiwa kwamba mbwa aliyefunga kula na kupewa dawa huchelewa siku mbili tatu.

Kuanzia siku ya pili kazi yangu ikawa kukagua mshono, asubuhi na jioni, penye mwanga. Ulikuwa na urefu wa kidole changu cha shahada, nyuzi saba, kingo zake zimekutana. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku za mwanzo ni wa kawaida. Nilikuwa natafuta mengine: wekundu unaotanuka, joto mahali pale, majimaji ya njano au yenye harufu, damu inayodondoka, nafasi kati ya kingo. Kila asubuhi nilipiga picha kwa simu kutoka pembe ileile. Jicho husahau upesi. Picha ya jana ukiiweka kando ya ya leo, huna haja ya kubishana na mtu kama uvimbe umeongezeka.

Joto la mwili nalo lina mtego wake. Mbwa mzima huwa na nyuzi kati ya 38.3 na 39.2. Kipimo kikionyesha 38.8 kwa mtoto tunakimbilia zahanati. Kwa mbwa ni siku njema. Kinapovuka 39.5 hapo ndipo pa kupiga simu. Na pua kavu haina habari yoyote, ingawa kila aliyekuja kumwona Shaba aliigusa pua yake kwanza.

Waliokuja walileta na dawa. Mmoja alileta GV, mwingine spiriti, wa tatu akanishauri kwa nia njema kabisa nimpake oili chafu kama wanavyofanya kwa mbwa mwenye ukurutu. Niliwashukuru, sikupaka chochote. Mshono safi uliofungwa na daktari hauhitaji kitu juu yake isipokuwa kuachwa mkavu. Spiriti inaunguza nyama changa. GV inapaka rangi ya zambarau juu ya wekundu ambao ndio unaoutafuta. Oili chafu ya gari mbwa atailamba, na ni sumu. Kumwogesha pia hapana mpaka nyuzi zitoke, wala kumpeleka ufukweni, wala kumnyunyizia dawa ya kupe. Kupe wawili niliowaona sikioni niliwatoa kwa kibano.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, nzi. Hutaga kwenye jeraha lenye unyevu, na kuna yule mwingine anayetaga kwenye nguo mbichi, funza wake wakaingia ngozini. Mama zetu walitufundisha kupiga pasi hata nepi kwa sababu yake. Blanketi la Shaba nililifua kila baada ya siku mbili, nikalianika juani, kisha nikalipiga pasi ya mkaa pande zote mbili. Na juu ya mkeka wake tukatundika chandarua kikuukuu. Mtu akipita akachungulia stoo angedhani tumelaza mtoto mchanga.

Sasa ile habari ya kujilamba. Kuna imani kwamba mate ya mbwa ni dawa, na kwamba mbwa huponya kidonda chake mwenyewe. Mate yale yana vijidudu vya kila alichokilamba siku nzima, na ulimi wake unakwaruza. Mbwa mwenye nia anaweza kuzing'oa nyuzi zote muda ambao wewe unachemsha chai. Kwa hiyo lazima avishwe kitu. Yako makola ya plastiki yenye umbo la faneli, lakini siku niliyokwenda kuyatafuta mjini sikuyapata. Watu hukata kitako cha ndoo, au humvalisha mbwa fulana ya mtoto ya mtumba, miguu ya mbele ndani ya mikono ya fulana, na pindo likafungwa fundo mgongoni. Fulana inafaa kwa mbwa mtulivu. Shaba aliivua kwa dakika tatu.

Nilimweleza daktari kwa simu. Akaniuliza, "Mama, nyumbani huna filamu za eksrei za zamani?"

Nilikuwa nazo mbili, ndani ya bahasha chini ya godoro: goti langu, mwaka ule lilipoanza kunisumbua na mwaka uliofuata. Tukazitandaza juu ya meza mimi na mjukuu. Tulizipangusa, tukazipishanisha kidogo na kuzishika kwa stepla, tukafunika meno ya stepla kwa utepe wa fundi umeme. Tukachora nusu duara kubwa na ndani yake nusu duara dogo la shingo, tukakata kwa mkasi wa kitambaa. Ukingo wa ndani, ule wa kugusa shingo, mjukuu aliuzungushia kipande cha soksi na kukishona kwa mkono, hatua ndogondogo, kama anashona shuka ya harusi. Tukatoboa matundu pembeni, tukapitisha kamba ya kiatu. Lilipofungwa likawa faneli. Kati yake na shingo vidole viwili viliweza kupita, na mbele lilizidi pua kwa upana wa vidole vitatu. Likiwa fupi kuliko pua, mbwa atakunja shingo na kufika anakotaka.

Shaba alisimama katikati ya stoo kama amegeuka jiwe. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume akijaribu kutoka ndani ya kitu kile, akagonga ndoo, akagonga mlango, akakaa. Tulimwacha. Tulikuwa tumemwinulia bakuli juu ya matofali mawili ili faneli lisiguse chini, na mjukuu akawa anamlisha wali kwa mkono mpaka akagundua kwamba mdomo wake bado unafanya kazi. Kesho yake asubuhi jua lilipoingia mlangoni lilipita kwenye filamu, na kuzunguka uso wake nikaona mifupa ya goti langu, mviringo wa pia na ule msuguano mweupe ambao daktari wangu alinionyesha kwa kalamu. Nilikaa chini kwenye kigoda. Ni goti hilohilo nililokuwa nikilimezea vile vidonge.

Swali ambalo kila mtu aliniuliza halikuwa juu ya mshono. Lilikuwa: sasa nani analinda? Ni swali la haki. Mbwa wa uani kwetu ana kazi, na nyumba isiyo na mlio wa mbwa usiku hujulikana upesi. Kwa usiku kumi na mbili mjukuu alilala sebuleni, taa ya kibarazani ikawaka hadi asubuhi, na geti likafungwa kufuli mbili. Mnyororo niliuondoa kabisa, kwa sababu mbwa aliyefungwa akishtuka huruka hadi mwisho wa mnyororo na kurushwa nyuma, na nguvu yote hiyo inaishia tumboni. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Miaka mingi nilikuwa naijua sheria hiyo kwa jina tu. Shaba amenibwekea wezi usiku na mchana kwa miaka mitatu. Kumkesha usiku kumi na mbili ni hesabu ambayo naona bado inanielemea mimi.

Jirani yetu wa kulia ni mzee wa msikitini. Hamgusi mbwa, na mimi namheshimu kwa hilo. Tangu zamani Shaba haruhusiwi kufika upande wa uzio ambako nguo za mzee za kuswalia huanikwa, kwa kuwa mate ya mbwa yakimpata inambidi kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nilikwenda kumweleza kwamba mbwa atakuwa stoo, karibu na uzio wake, kwa siku kadhaa, na kwamba milango itakuwa imefungwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nasikia una mgonjwa."

Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akanikumbusha ile habari ya Mtume kuhusu mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu na kusamehewa dhambi zake. Kuanzia siku hiyo, kila alfajiri akipita kwenda kuswali, alikuwa akiuliza kupitia uzio, "Mgonjwa ameamkaje?" Na aliniuliza pia, kwa uso wa mtu anayetaka kuelewa, kwa nini nimemkatia kizazi kiumbe wa Mungu.

Nilimjibu kwa yale tuliyoyaona wote wawili. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku kama 63, na kwa kawaida hurudi kwenye joto baada ya miezi sita hivi. Yeye mwenyewe, mzee, amewahi kuokota kiroba kilichokuwa kikilia kando ya barabara ya ufukweni. Watoto wale wakiishi huzagaa bila chanjo, na karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, asilimia 99, huanzia kwenye mbwa. Dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na mbwa wanaozaliwa kila siku bila kuchanjwa wanalirudisha nyuma. Tena kuna yanayompata mbwa mwenyewe: kizazi kujaa usaha uzeeni, uvimbe wa matiti, na ule uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa wa mtaani huambukizana wanapopandana. Mzee akatikisa kichwa. Hakusema kama amekubali. Kesho yake aliuliza tena kuhusu mgonjwa.

Siku ya tano ilinipa fundisho. Shaba alikuwa amechangamka, anakula vyote, mkia unapiga ukuta. Nilimtoa kibarazani akaote jua la asubuhi, kamba mkononi mwangu, nayo kamba nikaiachia ili nipokee simu. Muuza samaki akapita na baiskeli yake akipuliza honi. Kwa miaka mitatu Shaba amekuwa akimbwekea mtu huyo kila siku. Aliruka ukuta wa kibaraza kabla sijageuza kichwa, akatua upande wa pili akiwa na faneli lake, akabweka mara mbili, kisha akanyamaza ghafla na kuketi.

Mshono haukuachia. Lakini jioni chini yake palikuwa na uvimbe laini, na asubuhi ulikuwa umefika ukubwa wa ndimu. Mkono ulinitetemeka nilipopiga picha. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kupanga mabaya yote: kwamba bitana imefumuka, kwamba matumbo yametoka chini ya ngozi. Nilikumbuka nilichoagizwa kwa hali mbaya kuliko zote, mshono ukifunguka na utumbo kuonekana: usirudishe ndani, funika kwa kitambaa safi kilicholowanishwa maji yaliyochemshwa na kupoa, mfunge mbwa kanga tumboni, kimbia. Nilikuwa na kitambaa tayari. Sikukihitaji. Daktari alikuja kwa pikipiki, akapapasa uvimbe kwa vidole viwili akiwa amefumba macho, akapima joto, akaangalia fizi. Ni maji, akasema. Mbwa akijitikisa sana mapema, tabaka za ndani husuguana na majimaji hukusanyika kwenye nafasi iliyobaki. Hayakuwa na joto wala usaha, na Shaba alikuwa anakula. Hakuyatoa kwa sindano, kwa kuwa sindano ingeweza kuingiza vijidudu mahali palipo safi. Aliagiza utulivu tu, na siku ya kutoa nyuzi akaisogeza kutoka ya kumi hadi ya kumi na mbili.

Utulivu ni neno jepesi kulitamka. Kumtuliza mbwa mwenye afya ni kazi kubwa kuliko kumuuguza aliyelala. Tulimtoa mara nne kwa siku, kwa kamba fupi, mwendo wa kutembea, hadi kwenye nyasi na kurudi. Katikati mjukuu alimfichia vipande vya samaki ndani ya kitambaa kilichokunjwa ili avitafute kwa pua, na kumbe kunusa kunamchosha mbwa kama kukimbia. Muuza samaki niliongea naye, akakubali kupita bila honi mpaka wiki iishe. Alikuwa anatembea akisukuma baiskeli mbele ya geti letu, na sisi tulinunua dagaa zaidi ya tulivyohitaji.

Siku ya tisa uvimbe ulikuwa kama punje ya karanga. Siku ya kumi na moja sikuuona kwenye picha.

Nyuzi zilitolewa Jumamosi, juu ya meza iliyofunikwa plastiki, mjukuu ameshika kichwa na mimi miguu ya nyuma. Kila fundo liliinuliwa kwa kibano, likakatwa upande mmoja, likavutwa. Nilihesabu saba. Shaba alitetemesha ngozi mara moja tu, kwenye fundo la tatu. Daktari akaifungua kamba ya kiatu mwenyewe, na faneli lilipotoka Shaba alijikung'uta kuanzia masikio hadi mkia, kwa muda mrefu, kama mbwa aliyetoka baharini. Kisha akageuka kulinusa tumbo lake. Alililamba mara mbili. Hakukuta kitu, akaacha.

Amerudi chini ya mwembe, bila mnyororo. Tumefunga waya mpya kwenye uzio badala yake. Usiku wa kwanza alipita kwenye stoo, akakuna mlango kwa kucha. Mjukuu alinitazama. Nikamwambia afungue.

Zile filamu nilizipangusa kwa maji ya sabuni nikazitundika msumarini nyuma ya mlango. Juzi kijana wa nyumba ya tatu amekuja kuziazima, mbwa wake anapasuliwa wiki ijayo. Alikuja naye, jike mweusi mwenye shingo nene. Tulimpima palepale uani. Faneli lilimbana, ikabidi tufungue stepla na kusogeza goti la mwaka wa kwanza kwa sentimita mbili. Tulipolifunga tena, vidole viwili vikapita. Nikamuuliza kijana kama nyumbani kwao kuna vidonge vya maumivu, na vimewekwa wapi.